Linadondoka

Winnipeg, mwezi wa pili, digrii thelathini na moja chini ya sifuri,
na mimi, Orysia Hnatiuk, nimelala chali
chini ya sinki la mtu nisiyemjua,
tochi mdomoni,
sikio limeegemea kopo la rangi ya viatu.

Ndiyo kazi. Wanunuzi wamenilipa
niikague nyumba kabla hawajatia saini,
na mimi huanzia majini,
maana rangi ya ukuta hudanganya,
muuzaji naye huoka mkate asubuhi ili nyumba inukie wema,
lakini karatasi ya shashi, ukiizungushia kiungo cha bomba
ukahesabu polepole hadi mia,
haijui kumpendelea mtu.

Imetoka kavu.
Koki zinazunguka bila kulia.
Kuna mtu ameipenda nyumba hii kwa spana.

Bwana Sigvaldi Eyford, miaka themanini na minne,
amesimama juu yangu. Naona soksi tu:
moja ya kijivu, ya pili kijivu kingine.
"Umeona nini huko?"
"Sijaona kitu."
"Basi tazama tena."

Ghorofani, bafu dogo la binti.
Harufu inanipokea kabla ya taa.
"Panya," asema mzee, macho sakafuni.
"Amefia ukutani. Nilikuwa nikwambie."

Si panya.
Ni beseni la waridi ambalo halijanawiwa mikono
tangu Lovísa ahamie Halifax.
Yale maji machache yanayokaa kwenye kiwiko cha bomba,
bawabu asiyelipwa mshahara,
yamekwenda zake hewani,
na sasa mtaro wa mji mzima unapumulia humu.
Nachota kikombe kimoja. Namimina.
Tunafungua dirisha kidogo, tunasubiri tukitetemeka,
hadi harufu inakatika
kama mtu aliyesahau alichotaka kusema.

"Miaka sita," asema mzee,
"nimetoboa ukuta mara mbili."

Jikoni tena. Sasa ndipo ninaposikia
kilichokuwa kikisemwa juu ya kichwa changu muda wote ule:
ndo.
Kimya.
Ndo.

Nafunga bomba. Linafunga barabara.
Mzee ananyoosha mkono, analifungua tena,
robo ya robo,
hadi tone linavimba, linajishauri, linaanguka.

"Maji yanayotembea hayagandi.
Mwaka ule bomba lilipasuka usiku, dari ya chini ikashuka yote
juu ya piano ya Halldóra.
Tangu hapo hatulali bila tone."
"Hata Julai?"
"Hata Julai."
Namtazama kama anatania. Hatanii.

Chururu si ndo ndo ndo, sawa,
lakini mita ya maji hujumlisha vyote.
Napiga hesabu pembeni mwa fomu:
lita tatu na nusu kwa usiku, miaka ishirini na minane,
lita elfu thelathini na tano na ushei
zimepita hapa kwa miguu, moja moja,
kulinda piano ambayo, nachungulia sebuleni,
haipo.

Fomu ina visanduku viwili: linavuja, halivuji.
Naandika kando: linadondoka kwa hiari.
Nafuta hiari. Naandika: wosha ni nzima.
Wanunuzi ni vijana, watapiga simu kuuliza maana yake,
na mimi sitakuwa na jibu la kitaalamu.

Ananisindikiza hadi mlangoni.
"Hao watoto, wanajua kuacha kabati la sinki wazi usiku,
joto lifike kwenye mabomba?"
"Sijui."
"Waandikie."

Nje kope zinashikana.
Gari linakataa mara mbili, la tatu linakohoa.
Naweka fomu gotini, glavu menoni:
Usiku wa baridi kali, acheni kabati la sinki
Hapo kalamu inaganda.
Naipumulia.